Je, moyo mkunjufu ughaibuni hushusha presha?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, nina miaka 42, na huu ni mwaka wa saba niko Umeå, kaskazini mwa Uswidi, ninakotunza wazee, mara nyingi kwa zamu za usiku. Majuzi nilipimwa kituo cha afya nikakutwa na presha ya 152 kwa 96. Muuguzi amenipa mashine nijipime nyumbani wiki nzima, kisha nirudi tuzungumzie dawa. Kazini nina dada mmoja wa Mombasa aliyenitangulia kufika huku. Yeye kila jambo hulicheka na husema “yatapita”, na afya yake ni njema. Anasema ugonjwa wangu ni mawazo tu, na kwamba nikitulia na kuifurahia nchi ya watu presha itashuka yenyewe. Je, ni kweli kwamba utulivu na mtazamo mwema humponya mtu aishiye ugenini? Nianze dawa, au nijipe kwanza likizo ya nyumbani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Dada yako wa Mombasa hajakosea kabisa, ila amelichukua jambo la kweli akalipa kazi isiyo yake. Moyo uliotulia unaufaa mwili, na faida hiyo imepimwa kwa miaka mingi katika watu wengi. Lakini huonekana zaidi katika kupunguza uwezekano wa kuugua miaka ijayo kuliko katika kuuondoa ugonjwa ambao umekwisha kuingia. Presha ya 152 kwa 96, ikithibitika kwa vipimo vya nyumbani, itibiwe kama presha, nawe uendelee kuutafuta utulivu sambamba na tiba hiyo. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kwa sababu swali lako limebeba mambo ambayo watu huyachanganya: hali ya moyo wa mtu, namna anavyoishi siku hadi siku, na mazingira ambayo hakuyachagua.

Mtu anapoona hatari, au anapodhani ipo, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu hubana, na sukari huingizwa kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Mpango huu umetuokoa tangu enzi za mababu, na hatari ikipita mwili hurudi ulikokuwa. Shida ya mtu wa ugenini ni kwamba hatari zake hazina mwisho unaoonekana: barua ya uhamiaji ambayo haijajibiwa, mkataba wa kazi wa miezi sita sita, lugha inayomfanya mtu mzima ajione mtoto mbele ya karani, simu ya saa nane za usiku kutoka nyumbani. Mwili hukaa kama jiko la mkaa ambalo hakuna anayelipunguza moto. Nyumba haiungui, lakini kilichomo sufuriani kinaharibika polepole. Mishipa inayobanwa kila siku hukakamaa, usingizi hukatika, hamu ya vitu vitamu na vya chumvi huongezeka, na kinga ya mwili hulegea.

Hayo ya kinga si maneno ya kutisha tu. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Ohio, Marekani, waliwatia kidonda kidogo cha makusudi, cha upana wa milimita tatu na nusu, wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kusahau uzeeni, na wanawake wengine wa umri uleule wasiokuwa na mzigo huo. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa takriban siku tisa. Naye Sheldon Cohen wa Pittsburgh aliwatia virusi vya mafua puani watu zaidi ya 300 waliojitolea, akiwa amekwisha kupima hali zao za moyo; katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, wale ambao kwa kawaida walikuwa wachangamfu na watulivu walipatwa na mafua kwa uchache kuliko wenzao, ingawa wote walitiwa virusi. Kwa hiyo dada yako anapokohoa kwa nadra wakati wa baridi kuliko wewe, huenda kweli mwili wake unavuna kutoka kwenye tabia yake.

Tukija kwenye moyo na mishipa, mwaka 2019 Alan Rozanski na wenzake walizikusanya tafiti 15 zilizohusu watu 229,391, wakaona kwamba wenye kutarajia mema walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 35 wa kupatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi na mengineyo ya aina hiyo. Mwaka 2022 Hayami Koga wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa matokeo ya wanawake wapatao 159,000 wa rangi na asili mbalimbali nchini Marekani, na akaonyesha kwamba waliotarajia mema zaidi waliishi muda mrefu zaidi kwa takriban asilimia 5, na kwamba hali hiyo ilionekana kwa weusi, weupe, Walatino na Waasia. Ninachokipenda katika utafiti huo ni kwamba ulijaribu kupima njia ambayo faida hiyo hupitia. Karibu robo ya tofauti ilielezeka kwa mwenendo wa kawaida wa maisha, yaani chakula, mazoezi, kutovuta sigara, uzito wa mwili na kiasi katika pombe. Mtu anayeamini kwamba kesho ipo huona sababu ya kuitunza leo. Aliyekata tamaa huona hata dawa za presha ni kupoteza maji ya kunywa.

Sasa sikiliza upande wa pili, ambao watu wanaouza furaha hawausemi. Mwishoni mwa mwaka 2015 watafiti wa Uingereza waliokuwa wakifuatilia afya ya wanawake zaidi ya 700,000 walitangaza kwamba furaha peke yake haikurefusha maisha, na huzuni peke yake haikuyafupisha. Katika miaka karibu kumi walikufa zaidi ya wanawake 30,000, na mwanzoni ilionekana kama wasiokuwa na furaha ndio wanaokufa zaidi. Lakini mara baada ya kuzingatia waliokuwa wagonjwa tangu mwanzo, waliokuwa wakivuta sigara na waliokuwa na dhiki ya kipato, tofauti hiyo ilitoweka. Ugonjwa ndio uliowanyima furaha, si kutokuwa na furaha kulikowaletea ugonjwa. Mimi binafsi siuoni utafiti huu kama unaubatilisha ule mwingine, kwa sababu furaha ya leo na tumaini la kudumu si kitu kimoja. Lakini unanitosha kunizuia nisimwambie mgonjwa yeyote kwamba kaugua kwa sababu hakutabasamu vya kutosha. Maneno hayo ni ya kikatili, hata yakisemwa kwa upendo.

Na kuna jambo jingine ambalo dada yako hawezi kuliona akiwa ndani ya ngozi yake. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba sehemu ya tabia ya kutarajia mema hurithiwa. Yawezekana kabisa yeye alizaliwa na mwili unaoshuka haraka baada ya kushtuka, kisha akauona wepesi huo kuwa ni juhudi yake. Usijilaumu kwa kutokuwa yeye. Wala usichukulie kwamba presha yake ni nzuri mpaka umemwona akipimwa: presha huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na wacheshi nao huipata.

Kama ningetakiwa kuchagua utafiti mmoja tu wa kukusomea wewe unayeishi nchi ya watu, ningeacha hiyo yote ya matumaini na kuchukua ule wa Wajapani. Katika miaka ya 1960 wataalamu walianza kuwalinganisha wanaume wa Kijapani waliobaki Japani, waliohamia Honolulu, na waliofika eneo la San Francisco. Ugonjwa wa moyo uliongezeka kadiri walivyosogea kuelekea Marekani bara, na wengi wakadhani ni nyama na mafuta. Lakini mwaka 1976 Michael Marmot na Leonard Syme walichapisha uchunguzi wa wanaume 3,809 wa Kijapani wa California, wakawagawa kwa jinsi walivyolelewa na walivyoendelea kuishi: nani alikulia katika malezi ya Kijapani, nani ana marafiki Wajapani, nani anashiriki jumuiya yao. Walioshikamana zaidi na jumuiya yao walikuwa na ugonjwa wa moyo kwa kiwango kilichokaribia cha Japani kwenyewe. Walioiacha zaidi walikuwa nao mara tatu hadi tano ya wale, na tofauti hiyo haikuelezwa na chakula, sigara, presha wala mafuta ya kwenye damu.

Nimeutaja kwa kirefu kwa sababu unageuza ushauri unaotolewa mara nyingi kwa wageni. Mtu huambiwa atulie, aache ya kwao, ajichanganye, aifurahie nchi mpya. Kujichanganya ni kuzuri na ni lazima kwa kazi na kwa lugha. Lakini wale Wajapani hawakulindwa na furaha ya California. Walilindwa na kuwa na watu ambao kwao hawakuhitaji kujieleza. Syme na Marmot hawakusema mtu akae peke yake na wenzake tu, nami sisemi hivyo. Nasema kwamba utulivu ambao mwili unaujua ni ule wa kukaa sebuleni na watu wanaolijua jina la mtaa wako, mkila wali wa nazi na samaki, mkigombana kuhusu siasa kwa Kiswahili, bila kupanga sentensi kichwani kabla ya kufungua kinywa. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walijumlisha tafiti 148 za watu zaidi ya 308,000, wakakuta kwamba waliokuwa na mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi wa wengine kwa asilimia 50 katika kipindi cha kufuatiliwa. Kwa hiyo kikundi cha kufa na kuzikana, kwaya, darasa la msikitini, au ule mkusanyiko wa akina mama unaoukosa kwa sababu ya zamu, si starehe ya ziada. Kama zamu zako zinakunyima Jumamosi zote, hilo ni jambo la kulizungumza na msimamizi wako kwa uzito uleule ambao ungelizungumzia maumivu ya mgongo. Na huyo dada mwenyewe, pamoja na nadharia yake ya presha, ni sehemu ya dawa yako: mtu wa kucheka naye kwa Kiswahili katikati ya zamu ya usiku ni hazina.

Kuna utulivu mwingine ambao kwa nje unafanana na huo, nao ni wa kujikaza. Nakuuliza hili kwa sababu nimewaona wengi walio ughaibuni wakiumia nalo: ukipigiwa simu kwamba karo imepungua, paa linavuja, mtoto wa mjomba amelazwa, wewe husema “hamna shida, nitatuma”, kisha unaomba zamu ya ziada? Nchini Marekani mtaalamu wa magonjwa ya jamii, Sherman James, aliipa hali hiyo jina la John Henry, yule mfanyakazi wa reli wa ngano za Wamarekani weusi aliyeshindana na mashine ya kutoboa miamba, akaishinda, kisha akaanguka na kufa nyundo ikiwa mkononi. James alikutana pia na mkulima wa North Carolina aliyeitwa John Henry Martin, mtu mwenye matumaini makubwa na imani ya kwamba hakuna kisichowezekana kwa jasho. Alinunua shamba kwa mkopo wa miaka 40 akaumaliza kwa miaka mitano, akifanya kazi usiku na mchana. Naye alipofika katika miaka yake ya hamsini alikuwa na presha, baridi yabisi, na vidonda vya tumbo vibaya mno. Katika tafiti ambazo James alianza kuzichapisha mwaka 1983, tabia hii ya kukabili kila kitu kwa kujikaza iliambatana na presha ya juu hasa kwa watu wenye kipato na elimu ndogo. Wenye uwezo hawakudhurika vivyo hivyo, maana juhudi yao ilikuwa na kitu cha kuiegemea.

Unaona basi kwamba mtu anaweza kuwa na matumaini tele, akacheka, asilalamike hata siku moja, na mwili wake ukawa unalipa. Hata lile tabasamu la kuficha linagharimu. James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu za kuhuzunisha na za kuchekesha, wakawataka baadhi yao wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia, lakini vipimo vya moyo na mishipa vilionyesha mwili unafanya kazi ya ziada. Kwa hiyo siku ambayo mzee unayemhudumia anakataa kuguswa na mkono mweusi, wewe ukatabasamu na kuendelea kumvisha soksi, usijidanganye kwamba umetulia kwa sababu tu umenyamaza. Mwambie mwenzako, mwambie msimamizi, liandikwe. Kulisema jambo hupunguza kazi ambayo mwili ulikuwa unaifanya ya kulifunika.

Kuhusu fedha za nyumbani, sitakwambia uache kutuma. Ushauri huo hutolewa na watu ambao hawajawahi kuwa tegemeo la ukoo. Ninachokishauri ni kuondoa ule mshtuko wa kila simu. Panga kiasi cha mwezi, kikabidhi kwa ndugu mmoja mwenye busara awe ndiye anayepokea maombi ya wengine na kuyapanga, na simu yako izimwe unapolala mchana baada ya zamu, huku namba moja tu ikiachwa wazi kwa msiba au ugonjwa wa ghafla. Watakununia mwezi wa kwanza. Usingizi wa saa saba usiokatizwa una maana kubwa kwa presha, na mfanyakazi wa usiku ambaye hulipwa usingizi wake kwa vipande vipande vya saa mbili mbili hawezi kutulizwa na mtazamo wowote.

Kwenye majira ya baridi, dada yako ana hoja nzuri zaidi kuliko pengine alivyojua mwenyewe. Umetoka Tanga, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, ukaja mahali ambapo mwezi Desemba jua halikai juu hata saa tano. Kari Leibowitz, Mmarekani aliyekwenda kuishi Tromsø, kaskazini mwa Norwei, ambako jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, alishirikiana na Joar Vittersø kuwauliza wenyeji wanaonaje kipupwe. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2020, waliokiona kipupwe kama msimu wenye raha zake waliridhika zaidi na maisha kuliko waliokiona kama adhabu ya kuvumiliwa, na mtazamo huo mwema ulikuwa na nguvu zaidi kadiri watu walivyoishi kaskazini zaidi. Bila shaka wenyeji wanazo na nguo, na nyumba zenye joto, na kumbukumbu za utotoni za kuteleza kwenye theluji. Lakini mengi wanayoyafanya yanaweza kuigwa: kutoka nje kila siku saa za mwanga hata kama ni nusu saa, kuvaa vizuri badala ya kusubiri hali ya hewa iwe nzuri, kuwasha mishumaa na kualikana. Hapo ndipo kuifurahia nchi ya watu kunapogeuka kuwa tendo la afya, kwa maana anayeichukia theluji hubaki ndani miezi mitano, hatembei, halioni jua, na hula ili ajifariji.

Hata hivyo usiyapeleke yote kwenye mtazamo. Huko kaskazini uliko, jua la tangu Oktoba hadi Machi halina nguvu ya kutosha ngozi kutengeneza vitamini D, na ngozi yetu nyeusi inahitaji mwanga zaidi kuliko ya Mswidi. Uchovu, maumivu ya misuli na mapaja mazito yanaweza kuwa upungufu huo, au upungufu wa damu, au tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu, ambayo nayo huweza kupandisha presha. Ukirudi kituoni omba vipimo hivyo vya damu. Itakuwa ajabu mtu aambiwe ana mawazo kumbe anahitaji kidonge cha tezi.

Nitoke nje ya swali kidogo. Ushauri wa kutulia na kutazama mema una mipaka ya haki. Binti aliyepelekwa kufanya kazi za ndani katika nchi ya Ghuba, ambaye pasi yake imefungiwa kabatini na mwajiri na ambaye halali mpaka wageni waondoke, hahitaji kuambiwa abadili mtazamo. Anahitaji pasi yake, mshahara wake na mlango wa kutokea. Hofu ya mwili wake inamwambia kweli. Wewe una mkataba, una chama cha wafanyakazi cha kujiunga nacho, una kituo cha afya; kwako mtazamo una nafasi ya kufanya kazi kwa sababu mambo hayo yapo chini yake.

Sasa presha yenyewe. Unapojipima nyumbani, kaa kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu haijapandanishwa, mkono juu ya meza kwenye usawa wa moyo, kibofu kitupu, na nusu saa kabla yake usiwe umekunywa kahawa. Pima mara mbili unapoamka na mara mbili kabla ya kulala, hata kama kuamka kwako ni saa tisa alasiri, na andika zote bila kuchagua zinazokupendeza. Nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, ambao unalingana na 140 kwa 90 ya kituoni, kwa sababu watu wengi hupanda kidogo mbele ya muuguzi. Wastani wako ukiwa chini ya hapo, huenda kweli ilikuwa hofu ya siku ile, na dada yako atakuwa ameshinda kwa sasa. Hata hivyo utaendelea kupimwa. Ukiwa juu, ni presha.

Kabla ya dawa, au pamoja nazo, chunguza vitu ambavyo mtu wa huko huvila bila kujua. Chumvi nyingi haiko kwenye kikopo cha mezani. Iko kwenye mkate, soseji, jibini, na vile vidonge vya supu tunavyovitia kwenye kila mchuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu tano kwa siku, yaani isifike kijiko kimoja cha chai. Zipo pia zile pipi nyeusi ambazo Waswidi huziita lakrits, ambazo wazee wenu hawakosi kuwa nazo kwenye kibakuli: zikiliwa kila siku hupandisha presha kweli, kwa sababu mzizi wa mmea zinakotokana hulifanya figo lizuie chumvi na kupoteza potasiamu. Dawa za maumivu za aina ya aibuprofeni hupandisha, na baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango pia. Mazoezi ya kutembea haraka kwa siku nyingi za wiki hushusha pointi chache, na kupunguza chumvi hushusha pointi chache nyingine. Kupumua polepole, pumzi kama sita kwa dakika kwa robo saa, hushusha kidogo na humsaidia mtu kulala, wala hakuna gharama.

Linganisha na dawa. Dawa moja ya presha kwa kipimo cha kawaida hushusha namba ya juu (ile 152 yako) kwa takriban pointi 9, na kila pointi 10 zinazoshushwa hupunguza mishtuko ya moyo, viharusi na moyo kushindwa kwa karibu asilimia 20. Namba hii ya 20 inaonekana ndogo kuliko ile 35 ya wenye matumaini niliyoitaja juu, lakini uzito wake ni mwingine kabisa: ilipatikana kwa majaribio ambayo watu waligawiwa dawa kwa bahati nasibu, hivyo tunajua ni dawa iliyofanya kazi. Ile ya matumaini ilitokana na kuwatazama watu jinsi walivyo, na hakuna aliyeweza kuwagawia watu matumaini kwa kura. Ndiyo maana daktari mwaminifu ataandika dawa na atakutakia moyo mkunjufu, wala hatafanya kinyume chake.

Ukianza dawa, mweleze daktari kama bado unatarajia kushika mimba, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha humdhuru mtoto tumboni, na kama unafunga Ramadhani muulize saa za kumeza. Ukiwahi kukuta 180 kwa 120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, piga 112 papo hapo. Kwa maswali yasiyo ya dharura ipo namba ya 1177 unayoifahamu.

Kuhusu likizo: nenda, tena nenda kwa amani, lakini si badala ya dawa. Wengi presha yao hushuka kidogo nyumbani kwa sababu wanalala, wanatembea juani na hawasikii saa ya zamu. Wengine hupanda, kwa kuwa mtu aliyetoka Ulaya hupokewa na foleni ya mahitaji mlangoni. Hutajua wewe ni wa kundi gani mpaka uende na mashine yako. Maliza kwanza hii wiki ya vipimo, rudi kituoni, na kama umeandikiwa dawa zitumie kwa wiki kadhaa mpaka daktari aridhike na kiwango chake ndipo usafiri. Beba dawa za siku zote za likizo na za wiki mbili zaidi, uziweke kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, pamoja na karatasi yenye jina la dawa yenyewe na si la kampuni tu, ili duka la dawa la Tanga waweze kukusaidia zikipungua. Ukikuta namba zimeshuka sana ukiwa kule, au ukiona kizunguzungu unaposimama, usiziache kwa uamuzi wako. Mpigie daktari wako, umsomee ulichokiandika, naye aamue kama kiwango kipunguzwe.